Tatu au Tano

Maguu, Jumamosi mchana

Mwanangu Gaudensia,

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Ule wa kulia umefungwa bendeji, vidole viwili vimevunjika, na ukipita kwa jirani jioni hii ukitoka Namswea atakuambia nimebanwa na mashine ya kumenyea kahawa. Ndivyo nilivyomwambia aliponiona natoka saa nne asubuhi nimeukumbatia mkono. Uongo ulinitoka kabla hata vidole havijaanza kuvimba, ona ulimi wangu ulivyozoea. Kwa hiyo naandika upesi, usije ukaupokea uongo huo kwanza.

Ulitoka alfajiri kumuaga bibi yako, na hukuniamkia. Nilikuwa macho, nilikusikia ukivaa viatu. Tangu ujue kusema hujawahi kupita mlangoni kwangu bila shikamoo, hata ile wiki ya surua ulipokuwa huwezi kufumbua macho. Sikulaumu. Jana nilikuinulia fimbo.

Mambo ya nauli, ya kufunga begi, ya kutokula vya barabarani, mama yako ameshakuambia mara nne, na atakuambia tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi. Mimi nabaki na swali uliloniuliza jana kabla sijaharibu. Klabu inayokuchukua kukufundisha ualimu wa gofu imesema fimbo zote utazikuta huko, isipokuwa wudi, ile ya kupigia mpira mbali ukiwa chini kwenye nyasi. Hiyo kila mwanafunzi aje na yake. Nyumbani tuna mbili, namba tatu na namba tano. Ungeweza kubeba zote, wala hakuna aliyekukataza isipokuwa mimi. Nilisema tatu haitoki ndani ya nyumba hii, na ulipouliza sababu sikuwa na sababu ninayoweza kuitamka.

Ukaishusha mwenyewe darini. Ukaifuta vumbi, ukateremka nayo chini ya migomba, pale unapofanyia mazoezi, ukapiga mipira mitano. Miwili ilikwenda mbali kuliko mpira wowote niliowahi kuuona ukitoka mikononi mwa mtu wa kwetu. Mitatu ilibingirika kama viazi vilivyomwagika. Nikasema, "Chukua tano." Ukacheka, ukasema, "Baba, wewe unaiogopa tatu kwa sababu ulishindwa nayo. Mimi siyo wewe." Ulisema kweli tupu, na ikanipanda kichwani. Nilikunyang'anya fimbo nikaiinua mpaka nyuma ya sikio. Hukukimbia. Uliinua mkono wa kulia ukafunika kichwa, ukageuza bega.

Mkono uliokaa vile nilishawahi kuuona, na ndiyo maana fimbo ilibaki juu. Usidhani ni huruma iliyonizuia. Niliogopa. Ukaushusha mkono, ukaniangalia, ukasema bila hata kupaza sauti, "Nikiondoka keshokutwa, sirudi." Mimi na mama yako tulijaliwa wewe tu. Hilo ndilo lililoniketisha hapa na kalamu kwenye mkono usiojua kuandika.

Babu yako mzaa baba hukumkuta. Kwake yeye kulaza nyasi za ngoro ilikuwa ibada. Kazi yenyewe unaijua: wanaume tunafyeka na kulaza nyasi kwa mistari mpaka mteremko mzima unakuwa miraba, kisha wanawake wanakuja na majembe kufukia, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Mstari ukipinda, maji yanapata njia, na shamba linateremka mtoni. Mzee alipima kwa jicho. Ukipinda mstari alikuja nyuma yako kimya na mpini wa jembe. Mgongo, mapaja, nyayo. Siku moja alimpiga Osmund, mdogo wangu, mpaka akajikojolea, kwa mstari nilioupinda mimi. Sikusema ni wangu. Osmund naye hakusema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi, na tangu siku hiyo nikajua kwamba Osmund anaweza kubeba kipigo changu na akanyamaza. Sijui kama kuna elimu mbaya kuliko hiyo ya kumpa mtoto.

Uwanja tuliochezea nao hukuukuta. Shamba kubwa la kahawa la huko juu lilikuwa na meneja mgeni, akatengeneza mashimo sita ya gofu pembeni ya miti yake. Kuzunguka kila shimo hakukuwa na nyasi, kulikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ya trekta usipeperuke, na kabla ya kusukuma mpira shimoni tulikuwa tunausawazisha kwa ubao. Mimi na Osmund tulikuwa makedi, wabeba begi. Tulimbebea Meneja miaka sita, na Jumapili mchana, yeye akiwa amelala, tulicheza wenyewe. Mpira ukivuka uzio ulikuwa unaangukia kwenye ngoro za watu. Tulijifunza kupiga kutoka ndani ya shimo la ngoro, maharage kila upande, mwenye shamba anatukana ukoo wetu mzima. Kule ndiko wudi tano ilikotufundisha adabu.

Nakuandikia kama kedi sasa, siyo kama baba. Tatu ni ndefu na uso wake umesimama. Inataka mpira uliokaa juu ya nyasi fupi, miguu iliyosimama sawa, na mtu aliyetulia. Ikiyapata hayo inakufikisha mahali ambapo hukutegemea. Ikikosa hata moja, inagonga mpira kichwani na mpira unakimbia chini. Tano ni fupi kidogo, uso wake umelala zaidi, inapita chini ya mpira na kuuinua hata kama umezama. Inazidiwa na tatu kwa hatua kama ishirini hivi. Kwa hizo hatua ishirini nilimharibu ndugu yangu.

Mwaka uliotangulia kuzaliwa kwako, Meneja aliambiwa shamba linauzwa. Kabla ya kuondoka akaandaa shindano la makedi na wafanyakazi. Mshindi angepewa begi zima la fimbo na barua ya kumpeleka klabu kubwa ya Dar es Salaam akafundishwe. Ndiyo, mwanangu, barua kama uliyo nayo wewe. Kila mchezaji alitakiwa awe na kedi wake. Osmund alikuwa ananizidi. Meneja alijua, makedi wote walijua, mimi nilijua kuliko wote. Lakini mimi ndiye mkubwa, na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa wake, iwe kunawa, iwe kuoa. Osmund hakungoja nimwombe. Alisema tu, "Kaka, cheza wewe, mimi nitabeba." Nami nikapokea kama haki yangu. Hata asante sikumpa.

Tulifika shimo la sita, la mwisho, nikiwa sawa kwa mapigo na dereva wa trekta. Mbele yangu korongo, ng'ambo bendera. Mpira wangu ulikuwa kwenye mteremko, umezama nusu katika nyasi ndefu. Watu walikuwa wamejaa kwenye ukingo, wengine na ndoo za pombe ya komoni, wanangoja kushangilia yeyote atakayeshinda. Osmund alitoa tano, akaifuta kichwa kwa shati lake, akaninyooshea.

"Nipe tatu," nikasema.

"Kaka, tazama mpira ulivyolala."

"Nimesema tatu."

"Tano inavuka. Hatuhitaji zaidi ya kuvuka."

"Hapa anacheza nani?"

Akanipa tatu. Nilipiga mikono imekaza mpaka mabegani, na mkono uliokaza haujui kuinua mpira. Ulikimbia kwenye nyasi kama panya aliyefukuzwa, ukatumbukia korongoni. Watu walicheka. Dereva akavuka taratibu, akashinda, wakambeba juu juu.

Osmund hakusema "nilikuambia". Angesema ningemtukana na yangekwisha. Yeye aliichukua tano, ambayo haikuwa imegusa hata jani, akaifuta tena, akairudisha kwenye begi. Kule kufuta ndiko kulikoniua. Meneja akamkabidhi dereva begi, kisha akatuonea huruma, akatuambia mimi na Osmund kila mmoja achague fimbo moja kutoka begi tulilochezea. Tatu ilikuwa bado mkononi mwangu, sikuwa nimeiachia. Osmund alichagua tano.

Tulirudi kwa njia ya mkato katikati ya ngoro, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa anapiga mluzi. Labda alitaka kunituliza, labda ilikuwa njaa tu. Nilimpiga kwanza nyuma ya paja. Akaanguka magoti, akageuka. Alikuwa na nguvu kuliko mimi na tano alikuwa nayo mkononi, angeweza kunipasua kichwa. Akaitupa. Akainua mkono wa kulia akafunika kichwa, akageuza bega, akasema, "Kaka, basi." Nikapiga bega. Ulitoka mlio wa kuni mbichi inapovunjwa kwenye goti. Nikapiga tena, palepale. La kwanza la bega, Gaudensia, naweza kukuambia ilikuwa hasira. La pili nilikuwa naona vizuri kabisa ninachokipiga.

Akatumbukia kwenye shimo la ngoro, akalala kwenye matope na majani ya maharage, mdomo wazi, sauti haitoki. Nilipomvuta kumtoa, uongo aliutunga yeye. "Niliteleza," akasema, meno yanagongana. "Tutasema niliteleza kwenye ngoro." Bado alikuwa ananibebea begi. Na nani asingeamini? Kila masika mtu wa kwetu anavunjika kitu kwenye miteremko hii.

Kosa lililokuwa baya zaidi lilikuja baada ya hapo, wala halikuwa na hasira ndani yake. Zahanati wangeuliza maswali. Mganga anamjua aliyeteleza na anamjua aliyepigwa. Kwa hiyo nilimweka kwenye chumba cha kuwekea kahawa, nikamkaza mkono kifuani kwa vipande vya gunia, nikamwambia mfupa unataka utulivu. Siku nane. Alichemka homa, alikuwa anaita jina la mama yetu. Mama yako, tukiwa na miezi michache tu ya ndoa, alimpelekea uji akaziona alama mbili zilizonyooka begani. Shimo la ngoro haliachi alama zilizonyooka. Alitafuta watu, wakambeba Osmund kwenye machela mpaka zahanati, na huko wakasema bega limeshaganda. Mkono ule mpaka leo haupandi kupita kifua.

Mama yako alipotoka zahanati nilimpiga, kwa kosa la kutoa siri ambayo hakuitoa. Nilimpiga kofi, akaanguka kwenye mafiga, mkono ukaungua. Kovu lile ambalo ulikuwa unalichezea ukiwa mdogo, ambalo anasema ni la mafuta ya maandazi, ni langu. Kesho yake alikusanya nguo, akamchukua Osmund, wakateremka ziwani kwao Lipingo. Alikuwa na mimba yako na mimi sikujua. Alikaa huko miezi mitano. Aliporudi alirudi na sharti moja, akalisema mbele ya kaka zake: mkono wangu ukimgusa tena, yeye na mtoto hawatakipanda tena kilima hiki. Sharti hilo nimelishika. Nilijiona nimepona. Kumbe mkono ulikuwa umefungwa kamba tu.

Osmund hakurudi kuishi huku. Wajomba zako walimfundisha kuvuta nyavu kwa mkono mmoja na meno. Nawe umekua ukijua kwamba baba yako mdogo aliteleza kwenye ngoro.

Tano iliingia mikononi mwako namna hii, huenda umesahau. Ulikuwa na miaka minane, likizo ya Desemba, tumekupeleka Lipingo. Osmund alikukuta unapiga mawe kwa kipande cha kasia, unayahesabu yanayofika majini. Akaingia ndani akatoka na tano, ameifunga kwenye kipande cha wavu chakavu. Alikufundisha kwa mdomo tu, maana mkono wake haukuweza kuonyesha. "Tazama kwanza kilivyolala." Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka hapo, nikayasikia maneno hayo. Kila pigo lako zuri limetoka kwake. Kwangu umechukua hasira.

Na hilo nalo niliseme, maana sitapata ujasiri mara ya pili. Mwaka jana kwenye mashine ya kahawa, yule kijana alipokusukuma kwenye foleni, ulimpiga usoni kwa ndoo ya bati, meno mawili yakatoka. Wazee wake walikuja, nikatoa mbuzi, nikaomba radhi kwa sura ya huzuni. Walipoondoka nilifunga mlango nikacheka, nikakuambia, "Wewe kweli ni damu yangu." Ulifurahi sana. Tangu jana sura yako ya furaha ile hainitoki machoni. Nilikupa ugonjwa, kisha nikakusifia kwa kuupata.

Sasa ya leo. Osmund alifika saa mbili, amepanda na lori la usipa, dagaa wa ziwani, amekuja kukusindikiza kesho. Akauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia Namswea. Akauliza mbona nimekaa kama mtu aliyefiwa. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nilimweleza yote ya jana, mpaka jinsi ulivyofunika kichwa.

Miaka ishirini na mmoja mtu huyu hajawahi kunipandishia sauti. Alisimama, kikombe kikaanguka.

"Umemwinulia mtoto? Ileile?"

"Sikumpiga."

"Iko wapi?"

Nikaenda kuileta. Akanionyesha kichanja cha kuanikia kahawa kwa kidevu. "Weka mkono hapo."

"Osmund, kwa habari ya bega lako, mimi nilitaka siku zote..."

"Bega ni langu, nilishamalizana nalo. Hii ni ya mtoto. Weka mkono."

Mama yako alikuwa upande wa pili wa kichanja anachambua kahawa. Hakuinuka. Alizisogeza tu punje pembeni, kukapatikana nafasi.

Nikaweka mkono wa kulia. Angeweza kutumia wa kushoto, mkono anaovutia nyavu zilizojaa. Hakutaka. Aliishika tatu kwa mkono uleule wa kulia. Unaijua ilivyo, mpini wa chuma, nzito kichwani. Akajaribu kuiinua. Ikafika kiunoni ikaanza kutetemeka. Akajaribu tena, mshipa umemtoka shingoni, kichwa cha fimbo kikagonga ukingo wa kichanja kikarudi chini. Mara ya tatu nilifumba macho, na siyo kwa kuogopa pigo. Miaka yote hii sikuwahi kuuona mkono ule ukijaribu jambo na kushindwa. Alikuwa ananificha. Mbele yangu alikuwa anausweka mfukoni na kutania kwamba unapumzika. Nililia, mwanangu, mbele yao wote wawili, kabla sijaguswa.

"Shemeji," akamwambia mama yako, "naomba tano."

Mama yako akaingia chumbani kwako, akaitoa kwenye begi ulilokwisha kulifunga, akampa. Tano ni nyepesi, mpini wake siyo wa chuma. Akaishika chini kidogo, akaivuta mpaka kifuani, pale mkono wake unapoishia, akaishusha kwa nguvu zote alizobaki nazo begani. Sikuuvuta mkono wangu. Cha kati na cha pete vilivunjika pamoja, nikaona giza, nikajikuta nimekaa chini na kahawa zimenimwagikia mapajani.

Akaifuta kichwa kwa shati lake, taratibu, akamrudishia mama yako.

"Tangu siku ile nilikuambia tano," akasema.

Mama yako akauliza kama tumemaliza, maana chai inapoa.

Kisha Osmund akanifunga kwa khanga, mkono mmoja na meno, vidole akaviacha vimekunjwa kidogo visije vikaganda, akanivuta twende zahanati saa ileile. Hakuningojesha siku nane. Muuguzi alipouliza kimetokea nini, nilifungua mdomo kusema mashine, Osmund akaniwahi. "Nimempiga mimi, ni kaka yangu." Muuguzi akacheka, akadhani ni utani, akaandika nimeanguka. Tulipotoka nje Osmund akaniambia, "Mwandikie mtoto. Ukimwambia kwa mdomo utajitetea." Ananijua.

Sisemi alifanya vizuri, wala usije ukadhani tumelipana. Kipigo hakijawahi kuniongezea akili. Cha babu yako kilinifundisha kupiga, basi. Vidole vyangu vitapona kwa wiki chache, na bega lake litabaki vilevile mpaka tutakapozikwa. Ninajua kitu kimoja tu leo ambacho jana sikukijua: ule mkono unapotetemeka unavyoonekana. Nimeuangalia. Ningekuwa nimeuangalia miaka ishirini iliyopita, tatu isingekaa darini ikiningoja.

Swali lako, basi. Beba tano. Tatu siyo fimbo mbaya, na huko hutakosa ya kuazima siku mpira umekaa juu, miguu imesimama sawa, na kifuani kumetulia. Ila siku nyingi mpira utalala vibaya. Na watu kama mimi na wewe hatujui kwamba hatujatulia mpaka jambo limeshatokea. Siku utakapomsikia mtu anakuambia tazama kilivyolala, hata kama ni mdogo kwako, hata kama watu wamejaa ukingoni wanacheka, tazama kwanza. Hasira ikikataa kutazama, iweke fimbo chini uondoke. Watakuita mwoga. Mimi waliniita mwanaume.

Tatu haitakuwepo tena hapa. Osmund atashuka nayo Lipingo, anasema itamfaa kufukuzia mbwa kwenye vichanja vya usipa. Mama yako ameshaifunga kamba.

Kesho mtatoka hapa mapema mkawahi basi la Mbinga. Begi lako lina mikanda miwili. Baba yako mdogo ana mkono mmoja mzima, nami kwa sasa nina mmoja, tunaweza kulibeba wote wawili mpaka mlangoni mwa basi. Lakini sitakuja nisipoitwa. Habari ya kurudi au kutorudi sikuulizi, hayo ni yako na huko uendako. Barua hii naiweka juu ya kitanda chako, chini ya tano. Mimi nitakuwa nje, kwenye kichanja, nazifunika kahawa. Ukimaliza kusoma ukaona hutaki kuniona, funga tu mlango wa mbele, nitaelewa, nitakaa jikoni mpaka muondoke. Ukiona unaweza, toka uniamkie. Marahaba ya asubuhi ya leo bado ninayo.

Baba yako,
Kanisius